Wacheza Gofu na Bwawa la Watoto

Siku ya kuniaga klabuni walinipa mwavuli wa gofu. Mimi sijawahi kucheza gofu hata mara moja, na nyumba yangu ya Kiseke ina bati zuri lisilovuja. Mwenyekiti alisema mwavuli ule ni ishara. Hakusema ni ishara ya nini, na nimefanya kazi na watu wale muda wa kutosha kujua kwamba hata yeye hajui. Nimewapa kuku. Wanalala chini yake na hawajalalamika.

Ninyi mliobaki jikoni, baa na mapokezi mliniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu pale. Naandika. Nilipandishwa cheo lini na nililipwa nini, hayo hayawahusu na hayana utamu. Nitaandika jinsi kazi yenyewe ilivyokuwa, na zaidi jinsi lile bwawa la kuogelea lilivyopatikana, maana nasikia siku hizi wageni wanaambiwa kwamba lilitokana na busara ya uongozi. Nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Nilifika klabuni nikiwa binti mwembamba kutoka Muleba, nimetoka kuvuka kivuko cha Busisi na begi la kitambaa na cheti cha chuo cha hoteli. Cheti hakuna aliyekiomba. Aliyenipokea alikuwa Mzee Lubango, msimamizi wa baa, Msukuma mfupi mwenye mabega ya mtu aliyelima pamba utotoni. Alinitazama miguu kwanza, uso baadaye.

"Hivyo viatu ni vya nani?"

"Vyangu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Vina kelele. Hapa mhudumu akisikika kabla hajaonekana, wanakumbuka kuagiza. Utachoka kabla ya saa sita."

Kesho yake nilivaa raba. Mzee Lubango ndiye aliyenifundisha kubeba sinia kwa vidole badala ya kiganja, ili mkono uhisi mzigo unapoanza kuegemea. Alinifundisha kufuta bilauri kwa gazeti la zamani wakati kitambaa kimelowa. Alinifundisha kuzima taa za barazani pale wadudu wadogo wa ziwani wanapokuja kama moshi, na kuacha taa moja tu iwake huko mbali kwenye maegesho ili wote waende kufia kule, wasifie kwenye bia za watu. Alinifundisha kumsoma mwanachama anaporudi kutoka uwanjani. Akiuweka mfuko wa fimbo chini polepole, ameshinda, atataka watu wamwone. Akiutupa, mpelekee maji, usimuulize kitu. Na alinifundisha hili, ambalo nimelitumia kuliko mengine yote: mwanachama akisema upuuzi, muulize kama aongezewe barafu.

Wakati huo nilidhani ananitania. Watu walioketi kwenye baraza lile walikuwa wakurugenzi, wanasheria, wahandisi, wenye viwanda vya samaki. Nilitoka nyumbani kwetu nikiamini kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kusema upuuzi. Ilinichukua majuma machache tu kupona.

Niwape mfano mmoja. Kuna msimu kiboko alikuwa anapanda kutoka ziwani na kula majani ya shimo la sita, pale palipotunzwa vizuri kuliko kitanda cha harusi. Asubuhi unakuta nyayo kubwa kama sufuria na mavi yametapakaa hadi kwenye bendera. Walinzi walitaka waruhusiwe kuwasha moto kule chini ili asipande. Kamati ikakaa kikao. Walikaa mchana kutwa, wakala mbuzi mzima, wakatoka na azimio: pawekwe kibao ufukweni kinachosema wanyama hawaruhusiwi kuingia eneo la klabu. Kibao kiliandikwa kwa rangi nyekundu, kikachimbiwa kwa saruji. Kiboko alikiangusha juma hilohilo, nadhani kwa makalio. Hatimaye walinzi waliwasha moto bila kuomba ruhusa ya mtu, na kwenye ripoti ya mwaka ikasomwa kwamba kamati imefanikiwa kudhibiti wanyama waharibifu.

Nawaeleza hili ili mjue ni kamati ya namna gani iliyokuja kujadili bwawa.

Mzee Lubango alistaafu, akaenda zake Magu, na mimi nikakabidhiwa funguo za jengo zima. Miaka ikaenda. Mji ukakua, watu wakaanza kujenga Buswelu na kwingineko, na wanachama wapya wakawa na familia changa. Ndipo Jumapili zikabadilika. Baba anakuja kucheza gofu, mama anakuja naye kwa sababu gari ni moja au kwa sababu ana wasiwasi wake, na watoto wanakuja kwa sababu hawawezi kuachwa. Baba anapotelea kwenye majani. Mama anabaki kwenye viti vya plastiki karibu na maegesho, kwa kuwa baraza la mbele lilikuwa la wanachama. Watoto wanacheza katikati ya magari. Kulikuwa na mstari wa maua ambao mtoto hakuruhusiwa kuuvuka. Upande wa pili wa mstari ule kulikuwa na majani mengi kuliko malisho ya kijiji kizima, na watu wachache waliokuwa wakitembea juu yake taratibu wakitafuta kimpira.

Miongoni mwa wale kina mama alikuwepo Mama Ivona, mfamasia, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Binti yake Ivona alikuwa darasa la tatu. Alikuwa mtoto wa maswali. Akinikuta napita na sinia ananiuliza kwa nini ndizi inaitwa ndizi. Baba yake alikuwa mwanachama, mtu mpole, na upole wake ulipitiliza.

Siku moja Mama Ivona aliniita, akaniambia nikae. Nikamwambia mhudumu hakai. Akasema, "Basi simama unisikilize. Dada Adelina, hii klabu ingekuwa na bwawa la kuogelea, si watoto wangekuwa na shughuli? Na sisi si tungekuwa na mahali pa kukaa kama watu?"

"Ingekuwa vizuri sana," nikasema. "Mwambie mzee wako aipeleke hoja."

"Kwa nini nisiipeleke mwenyewe?"

"Wewe ni mke wa mwanachama. Mke wa mwanachama ana haki ya kuegesha gari."

Alicheka, halafu akaacha kucheka. Kweli mumewe aliipeleka hoja, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwenye meza ya wageni. Na kuanzia hapo klabu ikawaka moto.

Nilihudumia vikao vile vyote, kwa hiyo nilisikia. Mmoja alisema watoto watapiga kelele wakati mtu anapiga mpira wa mwisho, na mpira wa mwisho unataka ukimya kama wa kanisani. Huyo alikuwa na simu inayolia wimbo wa taarabu hata msibani. Mwingine alisema wanawake watavaa nguo za kuogelea na hadhi ya klabu itashuka. Hadhi ya klabu niliifahamu. Ndiyo niliyokuwa naiinua kutoka sakafuni na kuipakia kwenye teksi. Wa tatu alisema bwawa ni utamaduni wa kigeni. Alisema hivyo amevaa soksi ndefu za gofu mpaka magotini.

Lakini hoja iliyopigiwa makofi ilikuwa ya Mwenyekiti mwenyewe. Alikuwa mhandisi mstaafu, mnene, mtu aliyezungumza huku amefumba macho kama anayeonja mchuzi. Alisimama, akaelekeza mkono dirishani.

"Ndugu zangu, Mungu ametupa ziwa zima. Ziwa la pili kwa ukubwa duniani lipo hapo nje. Sasa sisi tuchimbe kijishimo, tukijaze maji ya bomba, tuite bwawa? Vizazi vijavyo vitatucheka."

Makofi. Nikapita na barafu.

Jamani, hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kutia kidole kwenye ziwa lile. Walikaa wameligeuzia mgongo, wakinywa maji ya chupa. Wote tunaojua ufukwe wetu tunajua kuna kichocho, kuna mamba sehemu nyingine, kuna huyo kiboko asiyejua kusoma, na kuna magugu maji.

Hoja ilipigwa danadana hadi ikaitishwa mkutano mkuu, Jumapili mchana, ukumbini. Wanachama wote wakaingia, milango ikafungwa. Nje wakabaki kina mama na watoto kwenye viti vya plastiki, jua kali, bila kivuli cha maana. Kina mama walikuwa wamesogea karibu na dirisha la ukumbi wasikie mustakabali wa watoto wao. Watoto wenyewe wakachoka kucheza kati ya magari.

Mimi nilikuwa mlango wa nyuma wa jikoni namwaga majani ya chai. Kutoka pale unaona mteremko wa mawe makubwa hadi majini. Chini kabisa kuna mawe mapana, yaliyolala kama mikeka, na hapo wanawake walikuwa wakianika dagaa tangu kabla sijafika. Mmoja wao nilimfahamu kwa salamu, Mama Magesa, Mkerewe mwenye miguu imara, anayeongea maneno machache. Siku hiyo alikuwa peke yake, anageuza dagaa kwa ufagio wa chelewa.

Niliwaona watoto wanashuka kati ya mawe wakifuata mpira. Nikaita. Upepo ulikuwa unatoka ziwani, sauti yangu ikanirudia mwenyewe. Mpira ukadunda, ukaenda kutua juu ya kijani kilichotanda ufukweni.

Upepo wa siku kadhaa ulikuwa umesukuma magugu maji hadi ufukweni, yakajaa, yakashikana, yakawa sawasawa kabisa. Ukitazama kwa mbali ni majani mazuri. Na Ivona alikuwa mtoto aliyekulia kwenye klabu ya gofu. Maisha yake yote alikuwa amekatazwa kukanyaga majani mazuri, na hapo hapakuwa na mstari wa maua wala mtu wa kumkataza. Akakimbia. Akapiga hatua moja juu ya kile kijani, na ya pili, halafu hakuwepo. Magugu yakajifunga juu yake. Hapakubaki hata tundu.

Nilitupa birika nikashuka. Sijui nilishukaje; raba moja niliikuta kesho yake. Mama Magesa alikuwa ameshaingia majini na nguo zake, maji kifuani, anayapasua magugu kwa mikono miwili kama mtu anayefungua mapazia mengi. Hakupiga kelele. Alizama, akaibuka, akazama tena. Watoto wengine walisimama kwenye jiwe wakilia. Alipoibuka alikuwa ameshika kigauni cha njano, na ndani ya kigauni alikuwemo Ivona, mlegevu, midomo ya bluu, mizizi ya magugu imemzunguka shingoni.

Tukamlaza kwenye jiwe, juu ya dagaa. Mama Magesa akamgeuza ubavu, akamwondoa tope mdomoni kwa kidole, akampigapiga mgongoni. Tulisubiri. Sijawahi kusubiri kitu namna ile, hata wanangu kuzaliwa. Kisha mtoto akakohoa, akatapika maji, akavuta pumzi kwa sauti ya mlango mbovu, akaanza kulia. Mama Magesa akakaa kitako palepale.

Mama Ivona alifika bila viatu. Tukampandisha mtoto mpaka kwenye gari, wakaondoka kwenda hospitali. Nami nikaenda ukumbini kumtafuta baba. Nilikuwa nimelowa hadi kiunoni na magamba ya dagaa mikononi. Nikafungua mlango.

Mwenyekiti alikuwa amesimama. "Mama Adelina, tupo katikati ya hoja. Chai italetwa baadaye."

"Mwenyekiti, mtoto amezama ziwani."

Mwenyekiti akafumbua macho.

"Amekufa?"

"Yupo hai. Wamempeleka hospitali. Ni Ivona."

Baba yake alitoka mbio, akaangusha kiti. Nilidhani wote watainuka. Baadhi waliinuka nusu, wakatazamana. Na Mwenyekiti, naapa mbele ya wote mliopo, akashusha pumzi akasema, "Tumshukuru Mungu. Basi, kwa kuwa mtoto ni mzima, tumalizie kura, akidi isije ikavunjika."

Wakapiga kura. Hoja ya bwawa ilianguka, na mleta hoja hakuwepo.

Ivona alilala hospitali, akatoka akiwa mzima wa mapafu. Lakini hakuwa yuleyule. Mama yake aliniambia kwamba mtoto hakubali kuogeshwa kwa beseni. Anaogeshwa amesimama mlangoni, kwa kitambaa kilichokamuliwa. Maswali yake yaliisha. Hilo ndilo lililoniumiza, kwa sababu maswali yale yalikuwa yakinichosha na sasa nikayatafuta.

Nadhani mnategemea kamati iliona haya. Kamati ilikaa kikao. Likatoka azimio jipya: pajengwe uzio kati ya klabu na ziwa, na wanawake wa dagaa waondolewe kwenye yale mawe, kwa sababu, namnukuu Katibu, "uwepo wao unawavutia watoto kushuka." Niliposikia niliomba radhi nikatoka nje, nikaenda nyuma ya stoo ya kreti nikahesabu chupa tupu. Katibu akanifuata.

"Mama Adelina, wewe ni mwanamke mwenzao. Ungeenda kuwaeleza kwa lugha nzuri."

"Lugha nzuri ya jambo hilo siijui," nikamwambia. "Nenda mwenyewe, Katibu. Vaa viatu vinavyofaa, kule kuna utelezi."

Siku aliyoshuka Katibu ndiyo siku ambayo Mama Ivona alikuja na kitenge na kuku wawili kumshukuru Mama Magesa, akaniomba nimsindikize. Kwa hiyo tulimkuta. Katibu alikuwa amesimama juu ya jiwe na viatu vyake vyeupe vya gofu, anasoma azimio kwenye karatasi, na Mama Magesa anaendelea kufagia dagaa kuzunguka miguu yake.

Mama Magesa alipotuona aliweka ufagio chini. "Mtoto anaendeleaje?"

"Mzima, dada," Mama Ivona akasema. "Nimekuja kukushukuru. Sina maneno."

"Mshukuru Mungu. Mimi nilikuwa karibu tu." Kisha akamwonyesha Katibu kwa kidevu. "Huyu baba anasema tuondoke. Mimi sikatai. Lakini kule mbele ni mchanga mtupu, na dagaa wa mchanga hakuna anayemtaka. Nilikuwa namuuliza twende wapi, anarudia kusoma karatasi."

Mama Ivona alimgeukia Katibu. Nimewaambia alikuwa na sauti ya chini. Siku hiyo haikupanda hata kidogo, na nadhani ndiyo sababu Katibu alirudi nyuma mpaka akakanyaga maji.

"Huyu ndiye mnayemfukuza?"

"Shemeji, ni azimio. Mimi natekeleza tu. Ni kwa usalama wa watoto."

"Watoto," Mama Ivona akasema. "Sawa. Kumbe mnawajali. Basi Jumapili mtawapata."

Nilikuwa sijaelewa. Katibu pia hakuelewa. Tulielewa Jumapili.

Asubuhi ile magari yalikuja kama kawaida. Kina baba wakashuka, wakatoa mifuko ya fimbo. Kina mama wakafungua milango ya nyuma, wakawashusha watoto, wakawapa kila mmoja chupa ya maji, wakasema, "Haya, nendeni kwa baba." Wakawasha magari wakaondoka. Mmoja mazoezi ya kwaya, mmoja saluni, mmoja kwa mama yake Nyegezi, mmoja nyumbani kulala tu. Walikuwa wamekubaliana wote, hata mke wa Katibu. Mke wa Mwenyekiti, bibi mzima wa Kihaya mwenye heshima zake, alimwachia wajukuu mapacha na kumwambia mbele yetu kwa utulivu, "Baba, watakula saa saba. Huyu wa kushoto hali mayai."

Nimefanya kazi pale ujana wangu wote na sijawahi kuona gofu nzuri kama ya siku ile. Watoto walitapakaa uwanjani kama kware. Wale wenye kupenda mchanga waligundua mashimo ya mchanga, wakachimba visima. Bendera zikageuka mikuki. Mipira ilipotua, watoto waliiokota na kuirudisha kwa wenyewe mbio, wakitegemea kusifiwa. Yule aliyetaka ukimya wa kanisani alikuwa anainama kupiga mpira huku binti yake amemshika suruali akiuliza, "Baba, unapiga lini? Baba, mbona hupigi?" Mwenyekiti alipofika shimo la tisa, pacha wa kulia aliomba kukojoa, na kabla babu hajafumbua macho, alikuwa ameshakojoa, katikati kabisa ya majani mazuri.

Walirudi barazani kabla ya saa sita, wamelowa jasho, watoto magotini, watoto mabegani. Nikapita na sinia.

"Mwenyekiti, nikuletee bia baridi, au niwaletee wajukuu juisi?"

Alinitazama kwa macho mekundu. "Lete vyote."

Jumapili iliyofuata ikawa hivyohivyo. Na iliyofuata. Wengine walijaribu kutokuja, lakini nyumbani nako wake zao wakawa hawapo. Baba Ivona peke yake ndiye aliyetulia. Alikuja na binti yake, akakaa naye mbali na maji, wakicheza karata. Fimbo hakuzigusa tena.

Hatimaye ukaitishwa mkutano wa dharura, na bwawa likapita kwa shangwe. Wote waliolipinga walisimama kuliunga mkono, mmoja baada ya mwingine, wakieleza jinsi walivyolitamani siku zote. Mama Ivona na wenzake walikuwa wameweka masharti mawili: bwawa, na wanawake wa dagaa waachiwe mawe yao. Kamati ilikumbuka la kwanza ikasahau la pili. Kina mama wakaongeza Jumapili moja. Kamati ikakumbuka. Uzio ukawekewa lango, na mawe yakarudi kung'aa dagaa.

Ujenzi wenyewe sitausimulia, mliuona. Nitasema tu kwamba mhandisi wetu Mwenyekiti alisimamia mwenyewe, na ndiyo maana ngazi moja iko mahali ambapo hakuna mtu anayeihitaji.

Siku ya ufunguzi palifungwa utepe. Mwenyekiti alivaa suti nyeusi juani, akatoa hotuba ndefu kuhusu maono. Alisema wazo lilimjia miaka mingi iliyopita, akilitazama ziwa. Watoto walikuwa wamejipanga ukingoni na nguo zao za kuogelea, wanaruka mguu hadi mguu. Utepe ulipokatwa waliingia wote kwa mpigo, na maji yakamrukia Mwenyekiti mpaka kwenye tai. Wote isipokuwa Ivona. Yeye alikaa kwenye kiti cha mbali kabisa, amevaa gauni, soksi na viatu, amemshika mama yake mkono kwa mikono yote miwili.

Mama yake aliniita. "Dada Adelina, anamtaka Mama Magesa. Amesema yule bibi wa dagaa akiwepo, atasogea."

Nilishuka hadi lango la uzio. Mama Magesa alikuwa ameshapanda mwenyewe, nadhani makelele yalimvuta, na mlinzi alikuwa amemzuia kwa mkono. "Huyu siyo mwanachama, mama," mlinzi akaniambia. Nikamwambia hata mimi siyo mwanachama, hata yeye siyo, atoe mkono. Akautoa. Nikamshika Mama Magesa kiganja, tukapanda naye pamoja, ananukia samaki, kanga kiunoni, miguu peku, tukapita katikati ya meza zenye vitambaa vyeupe. Watu waligeuza viti meza baada ya meza.

Alisimama ukingoni, akalitazama bwawa kuanzia mwisho hadi mwisho. Akanong'ona, "Haka ndiko mlikokagombania?"

"Ndiko."

"Haya." Akashuka ngazi na nguo zake zote, taratibu, mpaka maji yakamfika magotini, akakaa kwenye ngazi kama yuko kwake. Kisha akageuka. "Ivona. Njoo ukae nami hapa, nimechoka kukaa peke yangu."

Mtoto alivua kiatu kimoja. Akangoja. Akavua cha pili, akavua soksi. Alitembea kwa visigino, akimwangalia Mama Magesa usoni bila kuyatazama maji, akakaa ngazi ya juu kabisa. Vidole vya miguu vikagusa. Akavitoa. Akavirudisha. Halafu akauliza, kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu siku ile, "Bibi, kwa nini haya hayana majani juu?"

Mama yake alijifunika uso kwa mtandio.

Hapo ndipo Mwenyekiti alipofika, tai imemning'inia. "Nani amemwingiza huyu? Kuna kanuni. Mgeni lazima aletwe na mwanachama. Na mavazi, jamani, mavazi!"

Nilikuwa nafungua mdomo niseme ni mimi, lakini Baba Ivona alinitangulia. Alikuja akasimama kati yetu na Mwenyekiti, karibu kabisa, na sauti yake ilisikika hadi maegesho.

"Ni mgeni wangu. Leo, na kila Jumapili. Na atavaa anachotaka."

Mama Magesa hakugeuka hata kutazama. Alikuwa anamwonyesha Ivona jinsi ya kuchota maji kwa kiganja na kuyaachia. Mwenyekiti akatazama kanga iliyolowa, akatazama maji yanayochuruzika kwenye marumaru yake mapya, akafungua mdomo, akaufunga, akaondoka. Nimemsikiliza mtu yule miaka mingi sana, na hiyo ndiyo hotuba yake pekee ambayo sikuona neno la kupunguza.